Mtoto asikatwe: Hukumu ya Sulemani na vita ya bima ya afya Marekani

 

Leo, Julai 30, 2017, katika makanisa ya Wakatoliki duniani kote somo la kwanza linatoka Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya tatu. Sulemani ni kijana, ndiyo kwanza amekalia kiti cha baba yake Daudi. Mungu anamtokea katika ndoto kule Gibeoni na kumwambia aombe chochote anachotaka. Sulemani anaomba moyo wa kusikia, apate kupambanua mema na mabaya na kuwaongoza watu kwa haki. Mungu anapendezwa, kisha anataja mambo ambayo kijana huyu hakuyaomba: maisha marefu, utajiri, na roho za adui zake.

Hilo la mwisho tusilipite haraka. Mtawala akipewa nafasi ya kuomba lolote, wa kwanza kumjia akilini huwa ni mpinzani wake. Sulemani hakuomba mpinzani aanguke. Aliomba akili ya kuwatumikia watu.

Wengi wetu tunaishia hapo kwenye ndoto, kwa sababu somo la leo nalo linaishia hapo. Lakini sura yenyewe inaendelea, na mara tu baada ya ndoto inakuja kesi. Wanawake wawili wanaoishi nyumba moja wamejifungua kwa kupishana siku chache. Usiku mmoja mtoto wa mmoja wao anakufa. Asubuhi kila mmoja anadai kwamba aliye hai ni wake. Hakuna shahidi. Sulemani anaagiza upanga uletwe, mtoto agawanywe, kila mmoja apate nusu. Hapo mmoja anasema heri apewe mwenzangu, mradi aishi. Wa pili anasema asiwe wangu wala wake, akatwe. Mfalme anajua papo hapo nani ni mama.

Naomba tuisome kesi hiyo pamoja na habari iliyotoka Washington juzi Ijumaa.

Kura ya usiku wa manane

Kwetu ilikuwa kama saa mbili na nusu asubuhi, watu wameshafika kazini. Kwao ilikuwa saa saba na nusu usiku. Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa linapiga kura kuhusu muswada wa kufuta sehemu kubwa za sheria ya afya ya mwaka 2010, ile ambayo dunia nzima inaifahamu kwa jina la Obamacare. Chama cha Republican kilikuwa na maseneta 52 kati ya 100. Kilihitaji 50 tu, kwa kuwa Makamu wa Rais Mike Pence angeongeza kura ya turufu endapo pande zingelingana.

Muswada ulianguka kwa kura 49 dhidi ya 51. Maseneta watatu wa Republican waliungana na Democrat wote: Susan Collins wa Maine, Lisa Murkowski wa Alaska, na John McCain wa Arizona. McCain, mzee wa miaka 80, alikuwa ametangaza siku chache tu zilizopita, Julai 19, kwamba ana saratani ya ubongo. Aliingia ukumbini na kovu la upasuaji likionekana juu ya jicho, akanyoosha mkono, akageuza dole gumba chini. Wapo waliotaka kushangilia. Kiongozi wa Democrat, Chuck Schumer, akawaashiria wenzake wanyamaze.

Ili tuelewe uzito wa kura ile, turudi nyuma kidogo.

Nani anamlipia mgonjwa?

Marekani haina utaratibu mmoja wa matibabu kwa raia wote kama ulivyo Uingereza. Wengi wanapata bima kupitia kwa mwajiri. Wazee wa miaka 65 na kuendelea wana Medicare. Maskini wana Medicaid. Wanaobaki katikati, yaani waliojiajiri, vibarua, walioachishwa kazi na wenye biashara ndogo, wanajinunulia wenyewe. Kabla ya sheria ya 2010, kampuni ya bima ingeweza kumwambia mtu wa kundi hili: wewe una kisukari, au uliwahi kuugua saratani, hatukuchukui. Au ingemchukua kwa bei asiyoiweza. Watu wanaokaribia milioni 50 hawakuwa na bima yoyote.

Rais Barack Obama alitia saini sheria ile Machi 23, 2010. Ilipiga marufuku kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao. Iliruhusu vijana kubaki kwenye bima ya wazazi hadi umri wa miaka 26. Ilipanua Medicaid ili iwafikie maskini wengi zaidi. Ilitoa ruzuku kwa wenye kipato cha chini na cha kati. Na iliweka jambo lililoleta kelele kuliko yote: kila mtu awe na bima, la sivyo alipe faini.

Kwa nini faini? Anayevijua vikundi vyetu vya kufa na kuzikana ataelewa haraka. Kama kila mtu angesubiri mpaka afiwe ndipo alete kiingilio, kikundi kingekufa mwezi wa kwanza. Kinasimama kwa sababu wengi wanachanga siku ambazo hawajafiwa. Bima ya afya iko hivyo hivyo. Ukiiamuru kampuni imchukue kila mgonjwa, lakini ukawaacha wenye afya wakae nje mpaka waugue, michango itapanda mpaka hakuna atakayeiweza.

Sasa angalia muswada ulioanguka Ijumaa. Ulikuwa na kurasa nane, na maandishi yake yalitolewa saa chache tu kabla ya kura. Ulifuta faini, lakini ukaacha amri ya kutomkataa mgonjwa. Ni sawa na kukiambia kikundi cha mazishi kwamba kuzika ni lazima, kuchanga ni hiari. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la nchi hiyo, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2026 watu milioni 16 zaidi wangekuwa bila bima, na kwamba wanaojinunulia bima wenyewe wangelipa karibu asilimia 20 zaidi. Huko ndiko kumkata mtoto. Kila upande unapata kipande cha kuonyesha, na mtoto hayupo tena.

Mtoto mwenyewe ana homa

Ukweli unatutaka tuseme pia kwamba sheria hii si malaika. Tangu ianze kutumika, idadi ya Wamarekani wasio na bima imepungua kwa takriban milioni 20, na hilo ni jambo kubwa. Lakini wapo walioumizwa. Mwaka huu, katika majimbo yanayotumia soko la bima la serikali kuu, bei ya mpango wa kawaida unaotumika kupigia hesabu ya ruzuku ilipanda kwa karibu robo. Mwenye kipato cha chini hakuisikia sana, kwa kuwa ruzuku ilipanda nayo. Fundi au mkulima aliyezidi kidogo kiwango cha ruzuku aliibeba yote mgongoni. Yalikuwapo maeneo mengi ambako ilibaki kampuni moja tu ya bima, na mnunuzi hakuwa na pa kwenda.

Obama aliwaahidi wananchi kwamba anayeipenda bima yake ataendelea nayo. Haikuwa hivyo kwa wote. Wengine walipokea barua za kusitishiwa, na Novemba 2013 Rais mwenyewe aliomba radhi hadharani. Upo pia mzigo wa dhamiri. Masista wa shirika la Little Sisters of the Poor, wanaotunza wazee fukara, walijikuta mahakamani wakipinga kanuni iliyotaka mipango ya bima za wafanyakazi igharamie vidonge vya kuzuia mimba. Haya si madogo kwa mwamini.

Kwa hiyo mtu anayesema sheria hii irekebishwe, hata anayesema iondolewe na iwekwe nyingine bora, si lazima awe adui wa wagonjwa. Huenda ameuona ugonjwa wa mtoto ambao wenye mtoto hawataki kuukubali.

Msamaria, Yusufu na serikali

Wakristo wa Marekani wenyewe wamegawanyika juu ya jambo hili. Mwaka 2010 Baraza la Maaskofu Katoliki liliipinga sheria, likihofia fedha za umma kuishia kwenye utoaji mimba. Chama cha hospitali za Kikatoliki cha nchi hiyo hiyo, kikiongozwa na Sista Carol Keehan, kiliiunga mkono. Mwaka huu maaskofu hao hao wamevisifu vipengele vya kulinda uhai wa mtoto tumboni vilivyokuwa katika muswada wa awali wa Seneti, lakini wakasema muswada wenyewe haukubaliki kwa jinsi unavyowaumiza maskini. Na zaidi ya masista 7,000 walitia saini barua ya kuwaomba maseneta waukatae.

Wanaopinga sheria hupenda kusema kwamba Msamaria Mwema alitoa fedha yake mwenyewe, hakulazimishwa na serikali. Ni kweli. Upendo wa kulazimishwa una ladha ya kodi. Lakini tusome mpaka mwisho. Msamaria hakuishia kumfunga majeraha. Alimpeleka nyumba ya wageni, akalipa kabla, akamwahidi mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi atairudishia. Alijua kwamba huruma ya njiani peke yake haimponyi mtu aliyevunjwavunjwa. Inahitaji mahali, mhudumu, na mtu anayesimamia bili hata baada ya yeye kuondoka.

Wanaoiunga mkono sheria nao wana mtu wao katika Maandiko: Yusufu kule Misri, aliyekusanya sehemu moja ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe ili taifa lisife katika miaka saba ya njaa. Hakuomba sadaka. Iliagizwa, na watu wakaokoka. Lakini nao wasome mpaka mwisho. Mwanzo sura ya 47 inasimulia kwamba njaa ilipozidi, watu walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, kisha wao wenyewe, mpaka kila kitu kikawa cha Farao. Anayeogopa serikali inayoshika kila ghala ana sababu ya kuogopa.

Biblia, mpendwa msomaji, haitupi muswada wa bima. Waamini wanaweza kutofautiana kwa haki kuhusu njia. Wasichoweza kutofautiana ni kwamba aliyelala kando ya barabara lazima ainuliwe.

Pale vita ilipoharibika

Kama ugomvi ungebaki kwenye njia, ungekuwa ugomvi wa heri. Uliharibika ulipokuwa ugomvi wa jina.

Mwaka 2006 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria inayofanana sana na hii: kila mkazi awe na bima, asiyeweza asaidiwe kwa ruzuku, asiyetaka alipe faini. Gavana aliyeitia saini alikuwa Mitt Romney, Mrepublican. Miaka sita baadaye Romney huyo huyo aligombea urais akiahidi kuifuta Obamacare. Mtoto alikuwa na sura ya nyumba zote mbili. Alichokosea ni kuzaliwa katika nyumba ya pili.

Sheria ilipopita mwaka 2010, hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeipigia kura katika mabaraza yote mawili. Tangu hapo Baraza la Wawakilishi chini ya Republican limepiga kura zaidi ya mara 50 za kuifuta yote au sehemu yake. Kampeni zilishindwa na kushindikana kwa neno hilo moja, futa. Januari 2016 muswada wa kufuta ulimfikia Obama mezani, akaukataa. Ilikuwa rahisi kuupitisha, maana kila aliyeupigia kura alijua utakataliwa. Walipopata Ikulu na mabaraza yote mawili mwaka huu, ikaonekana kwamba miaka saba ya kupinga haikuzaa mpango mmoja waliokubaliana wao wenyewe.

Mei 4 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wake kwa kura 217 dhidi ya 213, na siku hiyo hiyo wabunge wakaenda kusherehekea Ikulu pamoja na Rais Donald Trump. Makadirio ya muswada huo yalikuja wiki tatu baadaye: watu milioni 23 zaidi wasingekuwa na bima kufikia 2026. Walishangilia kabla ya kuhesabu.

Jambo la ajabu zaidi lilitokea Alhamisi, saa chache kabla ya kura. Seneta Lindsey Graham na wenzake kadhaa walijitokeza mbele ya waandishi wa habari wakasema muswada uliokuwa mezani ni mbaya. Walisema wataupigia kura ikiwa tu Baraza la Wawakilishi litaahidi kutoufanya kuwa sheria. Fikiria, msomaji. Mtu anapiga kura ya ndiyo huku akiomba ndiyo yake isisikike. Graham alipewa aina fulani ya ahadi, akapiga kura ya ndiyo.

Na baada ya muswada kuanguka, Rais Trump aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba sheria hiyo iachwe ianguke yenyewe, ndipo waje kuzungumza. Asiwe wangu wala wake. Tumeyasikia maneno hayo katika sura ya tatu ya Wafalme. Sheria ya bima haianguki peke yake kama mti mkavu porini. Inaanguka na waliomo ndani: mtu anayesafishwa figo, mama anayengoja dawa ya saratani, mtoto mwenye ugonjwa wa moyo.

Nao Democrat wasijione wamesimama upande wa malaika. Kwa miaka kadhaa wameitetea sheria yao kama vile kukiri kasoro moja ni kumsaliti Obama. Fundi aliyelia kwamba bima imempanda aliambiwa kwa takwimu kwamba mambo ni mazuri. Kumkumbatia mtoto mgonjwa na kukataa daktari asimguse, kwa sababu daktari ni wa ukoo mwingine, nako ni njia ya kumpoteza.

Waliomwacha mtoto aishi

Sitaki tumfanye McCain mtakatifu wa wiki hii. Mwaka jana tu alipoomba kura Arizona alikuwa miongoni mwa waliotaka sheria hiyo ifutwe, na bado hakuipenda. Jumanne aliporudi kutoka hospitali alipiga kura ya kuruhusu mjadala uendelee. Lakini siku hiyo hiyo alisimama akawaambia wenzake warudi kwenye utaratibu: kamati zikae, wataalamu wasikilizwe, pande mbili zizungumze. Ijumaa usiku alipima muswada wa kurasa nane kwa kipimo hicho, akaukataa.

Kumbuka McCain ni nani. Mwaka 2008 ndiye aliyeshindana na Obama kuwania urais, akashindwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kibinadamu ya kutaka jina la Obama lifutike, ni yeye. Akamwacha mtoto aishi mikononi mwa aliyemshinda. Hakusema mtoto ni mzuri. Alisema tu kwamba asikatwe.

Wala tusiwasahau wanawake wawili, Collins na Murkowski. Kamera zilimfuata McCain, lakini wao walisema hapana tangu Jumanne, kwenye kura ya kufungua mjadala, wakiwa peke yao katika chama chao. Kusimama kabla ya kamera kufika kuna gharama yake.

Usiku huo huo Seneta Mazie Hirono wa Hawaii, Mdemocrat, naye aliyekuwa akitibiwa saratani, ya figo, alisimama kuzungumza. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto kule Japani dada yake wa miaka miwili alikufa kwa nimonia, nyumbani, bila kufika hospitali. Akawakumbusha wenzake kwamba alipougua, maseneta wa pande zote mbili walimwandikia barua za faraja. Akauliza huruma hiyo imekwenda wapi usiku ule. Ni swali la haki. Mtu mmoja aliye mbele yetu akiugua, tunalia naye. Wakiwa milioni 16 kwenye karatasi, tunapiga hesabu za uchaguzi.

Walikuwapo pia ambao hawana kiti cha kupigia kura. Juni 22 watu wenye ulemavu, wengine kwenye viti vya magurudumu, walikwenda hadi nje ya ofisi ya aliyekuwa kiongozi wa Republican katika Seneti, Mitch McConnell. Waliogopa kupunguzwa kwa Medicaid, inayowalipia wahudumu wanaowaamsha, kuwaogesha na kuwavika ili waishi nyumbani badala ya kufungiwa kwenye taasisi. Polisi waliwakamata 43, wengine wakibebwa mikono na miguu. Injili ya Marko inatuambia habari za watu wanne waliomteremsha mwenzao aliyepooza kupitia darini ili afike mbele ya Yesu. Hawa walibebwa na watu wanne wanne pia, lakini kuelekea nje.

Miaka 52 leo

Iko sababu nyingine ya kuitazama tarehe ya leo. Julai 30, 1965, miaka 52 kamili iliyopita, Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi mji wa Independence, Missouri, kwa Rais mstaafu Harry Truman, akatia saini sheria iliyozaa Medicare na Medicaid. Truman alikuwa amelipigania jambo hilo miaka mingi nyuma akashindwa. Johnson angeweza kusaini Ikulu achukue sifa yote. Alimfuata mzee nyumbani kwake, na Truman akapewa kadi ya kwanza ya Medicare.

Sheria ile nayo ilipingwa vikali. Lakini ilipopita, ilipata kura za Democrat pamoja na makumi ya Warepublican, na kesho yake haikuwa na mama mmoja tu. Leo mwanasiasa wa chama chochote anaigusa Medicare kwa tahadhari, kwa sababu bibi wa kila chama anaitegemea. Mtoto aliyelelewa na nyumba zote mbili ni vigumu kumletea upanga.

Sisi na upanga wetu

Utaniuliza, mpendwa msomaji, sisi hapa Tanzania inatuhusu nini? Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 na walio wengi bado hawamo. Ugonjwa mkubwa ukiingia nyumbani tunauza ng'ombe, tunauza kiwanja, tunaanzisha kundi la WhatsApp la kuchangishana. Safari ya bima kwa wote bado iko mbele yetu, na siku moja na sisi tutabishana juu yake. Tutabishana nani achangie kiasi gani, nani asamehewe, kadi itibu nini na isitibu nini. Tubishane. Swali ni kama tutabishana kama mama au kama yule mwingine.

Kipimo hakiko mbali. Zahanati ya kata ikijengwa na diwani wa chama usichokipenda, unafurahi kwamba mama wajawazito hawatatembea tena usiku, au unatafuta ufa kwenye ukuta? Kiongozi mpya akikuta mradi mzuri wa aliyemtangulia, anaumalizia au anauacha uote majani ili aanzishe wake wenye jina lake? Hata kanisani tunayaona. Mchungaji anahamishwa, na mfuko wa kusaidia wagonjwa aliouanzisha unakufa baada ya miezi mitatu, kwa sababu tu ulikuwa wake. Mgonjwa hakujua mfuko ni wa nani. Alijua tu kwamba zamani kuna mtu alikuwa anakuja.

Mpigakura naye ana sehemu yake. Anayegombea akikuambia atafuta hiki na kile, muulize kwa heshima ataweka nini mahali pake, na mgonjwa ataishi vipi katikati ya kufuta na kuweka. Anayetetea kilichopo, muulize ni nani kinamuumiza. Asiyeweza kujibu bila kumtaja mpinzani wake, bado yuko kwenye ugomvi wa jina.

Katika kesi ile Sulemani hakuuliza ni nani mwenye hoja nzuri. Wote wawili walikuwa na hoja, na walizisema kwa sauti. Aliuliza, kwa njia ya upanga, ni nani aliye tayari kushindwa ili mtoto aishi. Washington mjadala utaendelea, pengine wiki hii hii, na huenda watafuta, huenda watarekebisha. Tuwaombee wapate moyo ule ulioombwa Gibeoni. Na tuuombe sisi wenyewe, kabla zamu yetu haijafika.

Nikutakie Jumapili njema yenye baraka. Kama una mgonjwa jirani, mpitie leo baada ya ibada, bila kuuliza ni wa dhehebu gani wala chama gani. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.